Ufagio wa Asubuhi ya Gulio

Khatibu alirithi vitu viwili kwa baba yake: ghala la nafaka nyuma ya soko la Kasulu, na ufagio.

Ghala lilikuwa la matofali ya kuchoma, na lilinukia maharage mwaka mzima. Ufagio wenyewe haukuwa ule wa mzee, maana njiti za mchikichi hazidumu miaka yote hiyo, ila tabia ilikuwa ile ile. Marehemu alikuwa akisema riziki haikanyagi taka za jana. Siku za kawaida alifagia mara moja. Siku ya gulio alifagia mara mbili, akanyunyiza maji, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayemsubiri mgeni wa heshima, ndipo akaacha mlango wazi. Khatibu, aliyeacha shule darasa la tano ili abebe debe upande wa pili wa mzani, alilishika jambo hilo kwa nguvu kuliko hesabu za kugawanya.

Kitu cha tatu hakukirithi. Aliletewa na mpwa wake Yasmini, mtoto wa dada yake, aliyesomea kompyuta Dodoma na sasa anafanya kazi na shirika moja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, kule Kibondo. Kitu hicho kilikuwa tovuti ya maharage. Mkulima wa Kibondo au Buhigwe anapiga picha ya maharage yake, anaandika aina, bei na mahali yalipo, na mnunuzi wa Mwanza au Tanga anayaona akiwa amekaa kitako nyumbani kwake. Khatibu alicheka alipoelezwa mara ya kwanza. Akaacha kucheka msimu uliofuata, gulio lilipoanza kumletea watu ambao hajawahi kuwaona, wakiuliza maharage ya njano kwa jina la mwenye shamba.

Tovuti ilikaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyoko mbali, ambayo Khatibu hakuwahi kuiona wala hakuwa na hamu. Seva hiyo iliendeshwa kwa Linux. Yasmini alimfundisha kuingia humo kwa laptopu ya ghalani, akamwachia amri mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya kutazama kumbukumbu, ile sehemu ambayo mashine inashikia kazi zake mkononi. Ya pili ilikuwa ya kuizima na kuiwasha upya.

"Hiyo ya pili, Mjomba, ni siku imekwama kabisa na mimi sipatikani kwenye simu," alimwambia.

Kumpa Khatibu amri ya dharura ni kama kumpa mtoto filimbi.

Amri ya kwanza ilitoa mstari wa tarakimu chini ya vichwa vya Kiingereza. Khatibu hakuhitaji Kiingereza kingi. Cha kwanza kilikuwa jumla. Cha pili kilichotumika. Cha tatu kiliandikwa "free", neno aliloliona hata kwenye matangazo ya vocha, akajua ni nafasi iliyo tupu. Vilivyobaki upande wa kulia alivichukulia kama maandishi madogo kwenye mfuko wa mbolea: yapo kwa sababu serikali imetaka yawepo.

Sasa asubuhi moja ya gulio, baada ya kufagia na kunyunyiza maji, akatazama. Jumla, kama elfu mbili. Tupu, haifiki hata mia. Jasho likamtoka. Kwa akili yake lilikuwa ghala la magunia elfu mbili lililobakiwa na nafasi ya magunia tisini, na watu wako njiani wanakuja. Hakumpigia mtu simu. Akaandika amri ya pili, mashine ikazima, ikawaka, akatazama tena. Tupu, elfu moja na mia nne.

Moyo ukatulia. Akaenda kunywa kahawa.

Tangu hapo ikawa desturi. Jumamosi ya gulio, ufagio wa njiti mlangoni, kisha ufagio wa amri kwenye seva. Hakumwambia Yasmini, si kwa kuficha, bali kwa sababu mtu hamwambii mpwa wake kwamba leo amefagia.

Simu ya Esteri ilikuja Jumatano, Khatibu akiwa anapima mahindi.

Esteri alikuwa Kibondo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye akazaliwa upande huu, akapata uraia, shamba na ulimi usioogopa mtu. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama walima maharage, na maharage ya kikundi kizima yalikaa kwenye stoo yake.

"Mwakeye, Kaka Khatibu."

"Mwakeye, dada. Habari za mvua?"

"Mvua ipo, na ndiyo iliyofanya nikupigie simu. Maharage yameanza kutoa unga."

Khatibu aliacha mzani. Unga chini ya gunia la maharage maana yake wadudu wako ndani wanakula, na maharage yenye matundu hayana mnunuzi bali yana mwenye huruma.

"Kidogo au sana?"

"Kidogo leo. Wiki ijayo usiniulize. Walanguzi wamejaa barazani kwangu, wanakunywa chai yangu na kunitajia bei ya aibu. Mimi nawaambia ngojeni, kuna mama wa Tanga anakuja. Kaka, mama wa Tanga yuko wapi?"

Mama wa Tanga alikuwa Mwanaamina, mnunuzi anayelisha shule za bweni. Hakuwa mtu wa madalali. Alitaka aone picha mwenyewe, asome bei mwenyewe, aamue, atume lori. Na alikuwa na wakati wake mmoja wa kufanya hayo: Jumamosi asubuhi, akinywa chai.

"Alinipigia," Esteri akaendelea. "Anasema Jumamosi mbili amefungua huo ukurasa wako, kiduara kinazunguka mpaka chai imepoa. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Usipofunguka ananunua Mbeya. Sasa niambie, hiyo mashine yako ina ugonjwa gani? Siku nyingine inakimbia kama sungura. Siku ya gulio inalala."

"Imezidiwa. Ni ndogo."

"Ndogo Jumamosi tu?"

"Jumamosi watu ni wengi."

"Mwanaamina anafungua kabla watu hawajawa wengi," alisema Esteri. "Nisikilize. Akina mama hawa wamenikabidhi jasho lao. Ukurasa ukilala Jumamosi, Jumatatu nawauzia hawa walio barazani, na mimi na hiyo tovuti tumeachana. Wewe tutabaki tunasalimiana."

Hiyo ya kusalimiana ndiyo iliyomuuma. Kwa Waha na Warundi, mtu uliyebaki unasalimiana naye tu ni mtu uliyemzika akiwa anatembea.

Jioni akampigia Yasmini, akamwambia inatakiwa seva kubwa mara mbili, na inatakiwa haraka. Yasmini akauliza kwa nini. Khatibu akasema imejaa. Yasmini akasema Ijumaa anakuja Kasulu na gari la kazini, asinunue kitu.

Alifika mchana, na chupa ya asali ya Kibondo mkononi. Kuingia ghalani kulikuwa kazi, kwa maana mlangoni palikaa safu ya magunia yaliyokunjwa midomo: maharage ya njano, ya kablanketi na ya rozikoko, mahindi meupe, karanga. Yasmini alipita ubavu ubavu, gauni likanasa kwenye gunia la karanga, akalinasua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekonda. Huko Nduta hawawapi chakula?"

"Wanatupa. Nionyeshe unachofanya kila Jumamosi. Usiruke hata kimoja."

Khatibu alikaa kwenye kiti, akafungua laptopu, akaonyesha kwa fahari ya fundi. Akaandika amri ya kwanza. Akagonga kioo kwa kucha: "Tupu, themanini na nane. Umeona? Sasa hapa ndipo naifagia." Kidole kikawa tayari kinatafuta amri ya pili.

Yasmini akauweka mkono wake juu ya kibodi.

"Unaifagia."

"Kabla ya gulio. Ikiamka ina nafasi elfu na kitu. Safi kabisa."

"Kila Jumamosi?"

"Sijakosa hata moja."

Binti yule akakaa juu ya gunia la mahindi, akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakawa yanatikisika. Khatibu alidhani analia, kumbe anacheka.

"Mjomba, wewe ndiye ugonjwa."

"Adabu."

"Nakuheshimu sana, lakini ndiyo hivyo. Tazama huku kulia, hizi mbili usizozisomaga. Hii hapa, elfu moja na mia mbili na kitu. Hivi ni vitu ambavyo mashine imevisoma kwenye diski, ikaamua isivirudishe mbali, kwa sababu inajua itaulizwa tena. Picha za maharage ya Mama Esteri zimo humu. Bei zimo humu. Ukiizima, vyote vinapotea kwenye kumbukumbu. Anayekuja wa kwanza asubuhi anaisubiri mashine iende diskini ikatafute kimoja kimoja. Na diski ya seva hii ni ya bei rahisi, inatembea kama mzee mwenye goti."

"Na wa kwanza ni Mwanaamina."

"Na wa kwanza ni Mwanaamina. Halafu hii ya mwisho kabisa, inaitwa 'available'. Hii ndiyo ya kusoma. Inasema, kazi mpya ikija sasa hivi, naweza kuipa nafasi kiasi gani. Elfu moja na mia moja. Hapo hakuna shida yoyote. Siku ukiona hii ya mwisho inakaribia sifuri, na mashine imeanza kuhamishia mizigo yake diskini kwa kukosa pa kuiweka, hiyo siku nipigie hata nikiwa msalani."

Khatibu alikunja uso. "Elfu moja na mia moja itoke wapi, na hapa imeandika themanini na nane?"

"Themanini na nane ni ile isiyo na kazi yoyote. Imekaa bure tu. Linux haipendi kumbukumbu ikae bure, inaiazima. Mwenye haja akija, inarudisha hapo hapo."

"Kuazima ni kuazima. Mali ya watu hairudi kwa kupiga vidole. Mimi nimezaliwa kwenye ghala, Yasmini. Ghala lenye nafasi ya themanini ni ghala limejaa. Sikusoma, lakini mimi si mjinga."

"Sijasema mjinga. Nimesema una ufagio."

Walibishana mpaka alasiri. Yasmini alieleza tena kwa utaratibu, kisha bila utaratibu. Khatibu alisema ameelewa, kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Gari la kazini lilipopiga honi, alimshika mpwa wake mkono.

"Chukua laptopu uende nayo. Usiniachie shetani ghalani."

"Nikiichukua utasema sikukuamini. Baki nayo. Angalia upendavyo. Amri ya pili usiiguse, basi."

Akapita tena ubavu ubavu kwenye yale magunia ya mlangoni, akaenda zake.

Jumamosi Khatibu alifagia mara mbili, akanyunyiza maji. Udongo mwekundu ukatoa ile harufu yake. Akaweka ufagio, akasimama, na mikono yake ikawa haina kazi. Mikono isiyo na kazi ni hatari kuliko ulevi. Akajiambia anaangalia tu.

Tupu, sitini na moja.

Si themanini na nane tena. Sitini na moja. Alimwona Mwanaamina huko Tanga anamimina chai. Aliwaona wale walanguzi barazani Kibondo wanajilamba. Alimwona Esteri njiani, mwaka kesho, anamwambia mwakeye na kupita. Safu ya mwisho ya kulia ilikuwepo, na tarakimu yake ilikuwa kubwa, lakini nani aliwahi kula tarakimu ya kulia? Miaka yote ametazama ya tatu. Akajikuta anaandika amri ya pili, herufi kwa herufi, kama mwizi anayefungua geti lenye mlio. Ikabaki kubonyeza.

Nje ikalia honi ya lori.

Lilikuwa lori la Makarius, dereva wa Munanila, limejaa mahindi. Alitarajiwa mchana. Makarius hakuwahi kuja wakati anaotarajiwa tangu aanze kuendesha.

"Naona mawingu, nimekuja kushusha nirudi," alisema Makarius huku akiruka chini. Akachungulia mlangoni, akapiga mluzi. "Eh, limejaa hili. Hapa hata paka hapiti. Ngoja nikashushe kwa jirani."

"Limejaa wapi?" Khatibu alitoka mbio, laptopu ikabaki wazi mezani. "Una macho ya kuku? Hayo ni magunia ya mlangoni. Ridhiwani, yapishe."

Ridhiwani alikuwa mpagazi wa ghala tangu enzi za marehemu, mtu mzima mwenye wajukuu, na hakupoteza maneno. Aliyasukuma yale magunia kwa goti, moja baada ya jingine, yakalala ukutani. Makarius hakuwa hata amemaliza kufungua turubai. Mlango ukawa mweupe, na ndani nafasi ikaonekana hadi ukuta wa nyuma. Vijana wakaanza kushusha.

"Sasa kama una nafasi yote hii," Makarius akauliza, hataki kushindwa, "kwa nini unaziba mlango? Unatisha watu."

"Wanaotishika ni madereva. Mnunuzi akija anauliza njano, anauliza kablanketi. Nimpeleke nyuma gizani akachungulie na tochi ya simu? Kinachoulizwa kila siku kinakaa mlangoni, anaingiza mkono, anaona, tunapatana, anaondoka. Mzigo ukija kinapisha. Mtu akiona mlangoni pamejaa akadhani ghala limejaa, huyo hajui ghala, anajua kuchun—"

Hakumaliza.

"Kuchunga?" Makarius akamsaidia. "Kuchungulia?"

Khatibu alimtazama Makarius. Akatazama magunia yaliyolala ukutani, gunia la karanga juu kabisa. Akafikiria kama kuna mtu angekuja kila Jumamosi alfajiri, akayabeba hayo yote, akayarudisha nyuma kabisa, akayachanganya na mengine, kisha akasimama mlangoni akasema safi, karibuni. Angemfukuza mtu huyo kwa mwiko wa ugali.

"Mnashusha, nakuja," akasema.

Ndani, amri ilikuwa inamsubiri kwenye kioo, imeandikwa yote. Akaifuta herufi moja moja, polepole kuliko alivyoiandika. Kisha akaleta uso karibu na kioo, akasoma upande wa kulia, ile safu ya mwisho. Elfu moja na tisini. Akaisoma tena kwa sauti, akarudi nyuma kwenye ile ya vitu vilivyowekwa karibu, akaisoma nayo. Kisha akafunga laptopu, akaikalia mikono yake miwili.

Simu ilipoita alikuwa bado ameikalia. Mwanaamina.

"Khatibu. Hii picha ya maharage ya njano ya Kibondo. Pembeni kuna mguu. Wa nani?"

Khatibu alikumbuka siku picha ilipopigwa stooni kwa Esteri, yeye mwenyewe ndiye aliyesimama karibu. "Wangu."

"Kata kucha."

"Nitakata. Dada, ukurasa umefunguka?"

"Sasa mguu wako nimeuona kwa ndoto? Umefunguka nikiwa sijaweka hata sukari. Nimetazama yote, na yale ya kablanketi. Hayajatobolewa?"

"Ya kablanketi salama. Ya njano yameanza kutoa unga, kidogo. Sikufichi."

Khatibu alimsikia Mwanaamina akinywa chai.

"Ungenificha ningejua, na tusingeongea tena. Ya njano nichagulieni mazima, bei tutaongea na Esteri. Lori linaondoka leo. Mwambie awatoe hao walio barazani."

Hakuhitaji kumwambia. Esteri alipiga kabla Khatibu hajatafuta namba yake, na nyuma ya sauti yake zilisikika sauti za wanawake wengi, na viti vya plastiki vikiburutwa, kama baraza inasafishwa.

"Kaka Khatibu. Leo umefanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Hukufanya kitu gani hasa?"

"Hamna. Nimekaa tu."

Esteri akalipima jibu hilo. "Basi endelea hivyo hivyo," alisema. "Na uje Kibondo, akina mama wanataka kukupikia. Uje umevaa viatu. Mwanaamina amenieleza."

Nje lori lilikuwa limemaliza kushusha. Ridhiwani, bila kuambiwa, alikuwa anayarudisha magunia mlangoni kwa goti lile lile: njano, kablanketi, rozikoko. Wanunuzi wa kwanza wa gulio walianza kuingiza mikono. Makarius alikuwa bado hajaondoka. Alisimama kando ya lori, anawaza.

"Kuchungulia," akasema. "Ulitaka kusema kuchungulia."

"Nenda nyumbani, Makarius, mvua inakuja."

Yasmini alituma ujumbe mchana kuuliza kama ameigusa amri ya pili. Khatibu hakupenda kuandika, lakini aliandika: *Nimeifuta. Ya kulia 1090.* Kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado inawasha, akachukua ufagio wa njiti, akafagia mlangoni kwa mara ya tatu siku ile, akiyazunguka magunia.

Hakugusa hata moja.